Kuanza upya baada ya miaka 40: mafunzo ya imani, tabia na familia katika maisha ya Daktari Mukwege

Watu wengi wa Kivu wanapofikia miaka 40 ao 45 wanaanza kupiga hesabu ya maisha. Kuna aliyejenga nyumba, kisha ikaporwa. Kuna aliyeacha shamba Masisi ao Kalehe, na leo analala kwa ndugu mjini. Kuna aliyesoma hadi chuo kikuu lakini kazi haikupatikana. Wote wanajiuliza swali moja: je, muda wangu umekwisha?

Daktari Denis Mukwege anajulikana duniani kwa sababu ya Tuzo ya Nobel ya Amani aliyoipata mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraq. Wengi wanakumbuka tuzo hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba alipoanzisha hospitali ya Panzi, mwaka 1999, alikuwa na umri wa miaka 44, na kwamba vita ilikuwa imekwisha kumnyang'anya kazi yake ya miaka mingi.

Imani: kuombea mgonjwa na kumpa dawa

Mukwege alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, mtoto wa tatu kati ya tisa. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kipentekoste, na mtoto alimfuata mara nyingi kwenda kutembelea wagonjwa. Ameeleza kwamba siku moja, baada ya kumwombea mtoto aliyekuwa mgonjwa sana, alimuuliza baba kwa nini hatoi dawa. Baba alijibu kwamba yeye si munganga. Hapo kijana akakata shauri: baba ataomba, yeye atatoa dawa.

Somo hilo bado lina kazi kwetu. Kuna wagonjwa wanaobakia katika vyumba vya maombi mpaka wanazidiwa, na familia inawapeleka hospitalini wakati umekwisha kupita. Kwa upande mwingine, kuna wanaofikiri kwamba mtu akisoma sana, Mungu hana nafasi tena kwake. Mukwege hakuchagua upande. Amepasua wagonjwa, na amehubiri kanisani.

Tabia: kurudi pale kazi ilipo

Alisomea uganga Bujumbura, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, kusini mwa Bukavu. Huko aliona wamama wanaofika wakiwa wamebebwa kutoka vijiji vya mbali, wengine wakifa katika uzazi. Kwa sababu hiyo alienda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Alipomaliza angeweza kubakia huko na kuishi vizuri. Mwaka 1989 alirudi Lemera.

Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa. Yeye hakuwepo siku hiyo. Baadaye alianza kutayarisha huduma ya uzazi Bukavu, na vita ya mwaka 1998 ikaharibu tena kila kitu. Alianza mara nyingine mwaka 1999, mtaani Panzi, akifikiri kwamba atasaidia wamama kuzaa. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa: alikuwa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya. Mpango ulibadilika kwa sababu ya mtu aliyekuwa mbele yake.

Tabia ya mtu haionekani sana siku ya sifa. Inaonekana asubuhi ile anapokuta kila kitu kimeporwa, na inabidi aamue kama atatafuta tena vitanda.

Familia: nyumba na wale walio nje ya nyumba

Kazi hiyo ilikuwa na bei, na familia nayo ililipa. Mwezi wa Oktoba 2012, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Bukavu na kuwashika mabinti zake. Mlinzi wake, rafiki wa miaka mingi, alipigwa risasi akafa alipojaribu kumwokoa. Familia ilikimbilia Ulaya.

Baba yeyote anaelewa uzito wa wakati huo. Kulinda watoto si woga. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu aliyeondoa wanawe mbele ya bunduki.

Waliomvuta kurudi ni wamama wa kisiwa cha Idjwi, watu wasio na feza. Waliandikia viongozi barua. Kisha walianza kuuza mananasi na vitunguu ili wamlipie tikiti ya ndege. Mukwege alirudi Januari 2013, na watu walimpokea njiani kutoka Kavumu mpaka mjini. Wamama waliahidi kumlinda wao wenyewe kwa zamu.

Ndugu si wale wa damu peke yao. Mtu anayefikia nusu ya maisha yake anaweza kujiuliza: nikianguka leo, ni nani ataniuzia nanasi? Na mimi, ni nani niliyemsaidia hata akanikumbuka?

Panzi haikumaliza vita, na mwenye hospitali hiyo hajawahi kusema hivyo. Bado kuna wanawake wanaoletwa wakiwa na majeraha yaleyale. Lakini wanakuta mlango uliofunguliwa na mtu wa miaka 44 aliyekuwa amepoteza hospitali. Mtu huyo aliendelea pia kujifunza: mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels.