Ukisema ‘fresh’, ni fresh gani?

Shuka Otonglo asubuhi na mapema, kwenye ile barabara ya Kisumu kwenda Busia, ukiwa na mgeni wa kulisha mchana na pesa ya kuhesabu. Hapo ndipo utajua Kizungu ulichofunzwa shule hakitoshi kununua samaki.

Mimi yalinipata Jumamosi. Mama wa kwanza alikuwa na ngege kwenye beseni. “Mathe, hii ni fresh?” nikamuuliza. “Fresh kabisa, nyathina. Imetoka ziwa usiku.” Nikasonga hatua mbili. Ngege wengine, wamelalia barafu. “Na hii?” “Fresh. Ni ya juzi, lakini haijatoka kwa barafu hata dakika.” Wa tatu alikuwa na katoni, samaki wamekauka kwa baridi kama matofali, wametoka China. Huyo nilimuuliza kwa kejeli tu. Akanijibu bila kupepesa macho: “Fresh. Kwani umeona imepikwa?”

Sasa niambie, kati ya hao watatu nani alikuwa ananidanganya?

Hakuna. “Fresh” ni neno ambalo huwezi kulielewa mpaka ujue linapingana na nini. Kwa mama wa kwanza, kinyume chake ni samaki aliyelala. Kwa wa pili, ni aliyeoza. Kwa wa tatu, ni aliyepikwa. Bei nazo zilikuwa tatu, na tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ilikuwa nauli yangu ya kurudi nyumbani.

Na usidhani ni mchezo wa sokoni tu. Kwenye biashara kubwa ya mbuta, “fresh” maana yake ni samaki aliyewekwa kwenye barafu bila kugandishwa. Anaweza kuwa na siku kadhaa na bado karatasi ikamwita fresh. Mwanzoni mwa 1998, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki fresh kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Waliogandishwa waliendelea kuingia, ila baada ya kupimwa. Ziwa ni lile lile, mbuta ni yule yule, lakini neno moja kwenye karatasi ndilo lililoamua nani atauza na nani atakaa na mzigo wake.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Tunasema samaki mbichi, nyama mbichi, kuni mbichi, ndizi mbichi. Sasa mtu aliyezoea kwamba “fresh” ni “-bichi” akipewa kazi ya kuandika bango la “fresh mangoes”, ataandika “maembe mabichi”. Wateja watakuja na chumvi na pilipili, wakitaka yale ya kijani yanayokwaruza meno. Muulize mtu wa pwani.

Halafu kuna maji. Victoria ni “freshwater lake”, la pili duniani kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya aina hiyo. Hapo kinyume cha fresh ni chumvi, basi. Usafi haujatajwa popote. Ndiyo maana Kiswahili husema maji baridi, au maji matamu, na hayo nayo si lazima yawe baridi wala matamu. Simama ufuoni siku ambayo gugumaji limefunika ghuba na maji yamekuwa ya kijani, kisha uniambie kama utakunywa hiyo “fresh”.

Misemo ndiyo huangusha wengi, hasa kwenye simu za kazi na intavyu. Ukiambiwa “she’s fresh out of college”, ametoka chuo juzi. Ukiingia duka la Mzungu ukaambiwa “we’re fresh out of fish”, usisubiri uhudumiwe, samaki wamekwisha sasa hivi. Maneno ni yale yale, kibao kimegeuka. “Don’t get fresh with me” ni onyo: umekuwa mjeuri, au umeanza kumtongoza mtu ambaye hakukuita. Ukijibu “asante” umejimaliza. Na ile “fresh off the boat”? Huku kwetu kitu kilichotoka kwa boti sasa hivi ndicho cha bei. Marekani ni dharau anayotupiwa mhamiaji ambaye bado anashangaa mataa.

Tangazo la kazi likisema “fresh graduates”, nalo lisome mara mbili. Linakukaribisha, ndiyo, wewe uliyemaliza Maseno mwaka huu. Lakini kinyume cha fresh hapo ni uzoefu, na uzoefu ndio hupandisha mshahara. Uliza pesa kabla hujasherehekea.

Lakini fresh iliyotugharimu zaidi hapa Kisumu haikuwa ya samaki wala ya kazi. Pengine ulikuwa bado primary. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 8. Kifungu cha 140 cha Katiba kinasema ikifika hapo, “a fresh election” ifanywe ndani ya siku 60. Fresh gani? Magazeti ya Kiswahili, letu pia, yaliandika uchaguzi wa marudio. Marudio ni kurudia: wagombea wale wale, mbio zile zile. Wengine walisoma “fresh” kama upya kabisa, kuanzia uteuzi wa wagombea. Tume ilianza na majina mawili tu, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Oktoba 10 Raila akajiondoa, akishikilia kwamba kulingana na uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa 2013, kujiondoa kwake kunamaanisha uteuzi uanze upya. Siku iliyofuata Mahakama Kuu ikaagiza Ekuru Aukot aingizwe kwenye karatasi ya kura, na tume ikaendelea na tarehe yake.

Oktoba 26 ilipofika, kura hazikupigwa Kisumu, Siaya, Homa Bay wala Migori. Zikaahirishwa hadi Jumamosi, kisha zikaahirishwa bila tarehe. Sisemi neno moja ndilo lililoleta yote yale, siasa ilikuwa imechacha kitambo. Ila mawakili wakubwa wa nchi hii walibishana kuhusu neno ambalo wewe unalitumia kujibu salamu, na kuna nyumba katika mji huu ambazo hazijamaliza kulia mwaka ule.

Kuhusu salamu, hapo tumetulia. Msee akikuuliza “vipi?” unamjibu “fresh barida”, na mbongo atakwambia “fresh tu”. Hiyo ilitoka kwa vijana wa hip-hop wa Marekani, kabla hata Will Smith hajaitwa Fresh Prince kwenye televisheni mwaka 1990. Kinyume chake sijawahi kukipata. Mtu hajibu “sijafresh”, hata kama amelala njaa.

Mimi siku hizi nikifika kwa beseni siulizi tena kama ni fresh. Nauliza ametolewa majini saa ngapi, kisha nafunua matamvua nione kama bado ni mekundu, naangalia jicho kama limeangaza au limezama, nabonyeza mgongo nione kama nyama inarudi. Mama wa kwanza alinitazama nikifanya hayo yote, akacheka, akaanza kutoa magamba kabla hata sijalipa.

“Na wewe, nyathina,” akasema, “uko fresh?”

Nikamwambia fresh. Mfukoni nilikuwa nimebaki na shilingi ishirini, na Kondele ni mbali kwa miguu.