Lac Vert na miguu: njia ni nyepesi, shida ni pa kukaa

Motari mmoja alituuliza mara mbili kama tumepotea. « Mama, mutoto atachoka. Pandeni, mutanilipa kule chini. » Alipoona tunacheka tu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Huku Goma, mtu anayetembea bila muzigo kichwani watu wanamuhurumia: ao amekosa franka ya moto, ao anaenda kilioni. Kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani siku ya yenga, na miguu, ili aangalie maji na miti kisha arudi, hiyo bado haijaingia katika desturi yetu.

Mimi mwenyewe njia hii niliijua kwa sababu nyingine. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kutapika moto, tuliambiwa kartie kumi za Goma zihame. Barabara ya Sake ikajaa watu toka ukingo hadi ukingo. Nilipita Mugunga na matela kichwani, binti yangu nikimvuta kwa mkono, na upande wa ziwa sikuangalia hata mara moja. Mwaka mmoja kisha, yeye ana miaka saba, na shuleni amesikia kwamba kule kuna ziwa ya rangi ya majani. Akaniuliza: « Mama, ile siku tulipita karibu yake? » Tulipita karibu yake, ndiyo. Basi tukarudi.

Lac Vert iko magharibi ya muji, kilometre zaidi ya kumi toka katikati ya Goma. Taxi inakuacha Mugunga, halafu unaacha lami na kushuka polepole upande wa Ziwa Kivu. Njia ni ya vumbi na mawe meusi ya volkano, hakuna mahali pa kukamata na mikono, hata bibi mwenye fimbo anaweza. Ila vaa viatu vya kufunga, maana mawe haya yanakata kama chupa. Pembeni kuna maharagi, migomba, na vikuta vya mawe ambavyo watu wamepanga ili wapate udongo kidogo wa kulima. Chukudu moja ilitupita na mifuko ya makala, kijana amepiga goti juu yake, akatusalimia bila kuangalia nyuma.

Kisha unapanda kidogo, dakika chache tu, na ghafla chini yako kuna maji ya kijani, yametulia, yamezungukwa na kuta za majani. Ni mdomo wa volkano ya zamani uliojaa maji. Binti yangu hakusema kitu kwa muda, na hiyo kwake ni ajabu. Ukigeuka kusini, Kivu yote iko mbele yako, buluu, bila mamba na bila kiboko. Ukigeuka kaskazini, unaona Nyiragongo, metre 3 470, na Nyamulagira yenye mgongo mpana. Milima hiyo iko ndani ya Parc ya Virunga, parc ya kwanza ya taifa katika Afrika, iliyoanzishwa 1925. Wazee wa Mugunga wanakumbuka jinsi msitu wake ulivyokatwa mwaka 1994, wakati kambi za wakimbizi zilijaa hapa na kila familia ilihitaji kuni za kupika. Makala ya chukudu ile, sikuuliza yalitoka wapi.

Tulikuwa tunatafuta kivuli tukule mikate. Kando ya njia kulikuwa na shimo pana, la kina kama cha mtu mzima, lenye majani laini, mahali pazuri kabisa pa kukaa. Kipepeo kikaingia mule. Binti akakifuata.

« Mutoto! Panda juu! Panda! »

Ni mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi. Alimshika mkono akamvuta kabla hajafika chini, kisha akanigeukia mimi, na sauti haikuwa ya heshima sana: « Mama, wewe uko wa muji? »

Nikasema ndiyo.

« Njo vile. Angalia. »

Alinionyesha kitu ambacho macho yangu yalipita juu yake bila kukiona. Ndani kabisa ya shimo majani yalikuwa yamekauka, ya manjano, wakati huku juu yote ni mabichi. Kulikuwa na mjusi aliyekufa. Karibu naye ndege mdogo, mabawa wazi, bila kidonda. Mzee akafunga majani makavu kwenye fimbo ndefu, akayawasha, akashusha fimbo polepole. Moto ulishuka vizuri mpaka karibu na yale majani ya manjano, halafu ukazima. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na maji. Ulizima kama mtu ameubana na vidole.

Mazuku. Jina nilikuwa nalijua tangu utoto, kama unavyojua jina la jini fulani. Kitu chenyewe ni gazi, dioxyde de carbone, inayotoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kujaa mashimoni kama maji katika beseni. Usiku usio na upepo inaongezeka. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inatawanyika, lakini shimo lenye kina linabaki nayo. Kati ya Goma na Sake, hasa upande huu wa ziwa, mahali pa namna hiyo ni pengi. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu ya gazi na asisikie kitu. Mbwa na mutoto, pua zao ziko chini.

Sehemu nyingine kuna mabango ya hatari. Pale tulipopita hatukuona hata moja. Kupanda Nyiragongo, wakati inafunguliwa, unaombwa ruhusa, walinzi na dola. Hapa hauombwi kitu, na hakuna anayekuambia kitu kama haukuuliza. Kwa hiyo uliza. Tafuta mwenyeji mapema, mupatie ya soda, apite mbele. Usiende alfajiri hata kama picha ni nzuri saa hiyo. Sisi tulifika saa ine ya asubuhi na bado moto ulizima. Kaa juu, usilale kwenye majani. Na kama mtu ameanguka shimoni usiingie kumuchukua. Mzee alirudia hilo mara tatu: mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyekimbilia wa kwanza. Wao wanatumia kamba ao mti mrefu, toka juu.

Mikate tulikula ukingoni, kwenye jua, pamoja naye. Alikataa franka, akakubali mikate miwili.

Saa saba tulirudi Mugunga, tukanunua sambaza za kukaanga katika karatasi. Motari wa asubuhi alikuwa pale pale. « Mama, mumeona nini sasa? » Binti yangu ndiye alijibu, kwa haraka, mdomo umejaa: shimo, ndege, moto uliozima wenyewe. Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Alisema amezaliwa hapa, na utotoni walikatazwa hata kufuata mpira ukiingia bondeni.

Halafu akanyoosha kidole nyuma ya mistari ya migomba. « Na pale je? Wale wametoka muji, wamenunua parcelle. »

Pale ardhi ilikuwa imezama kama sahani. Ndani ya sahani mafundi wawili walikuwa wanapanga mawe ya msingi, vyumba vitatu, mlango upande wa ziwa.

« Wanajua? » binti akauliza.

Motari alikuwa tayari amewasha moto yake, anapiga honi, anashuka kuelekea kwao.