Walimu Wawili wa Kiingereza na Mwana wa Mfalme

Katika darasa moja la wavulana huko Koganei, magharibi ya Tokyo, mwezi Oktoba 1946, mwalimu mgeni kutoka Marekani alianza kazi kwa kugawa majina. Wa kwanza akaitwa Adam, wa pili Billy, na akaendelea hivyo dawati hadi dawati. Alipomfikia mvulana mmoja wa miaka 12 akamwambia kwamba katika darasa hili yeye ni Jimmy. Mvulana akakataa: yeye ni mwanamfalme. Mwalimu hakubishana naye. Kweli, akamwambia, jina lako ni Mwanamfalme Akihito, lakini hapa darasani kila mtu ana jina la Kiingereza, na lako ni Jimmy. Mvulana akatabasamu, na wenzake nao nyuso zikawakunjuka.

Leo twaweza kulicheka jambo hilo. Lakini mwaka mmoja na kidogo tu nyuma yake, marubani vijana wa Japani walikuwa wakizigongesha ndege zao kwenye meli za Marekani kwa jina la baba wa mvulana huyo, na shuleni watoto walifundishwa kwamba ukoo wake ni uzao wa mungu wa kike wa jua. Mwalimu Elizabeth Gray Vining alieleza baadaye, katika kitabu chake Windows for the Crown Prince cha mwaka 1952, kwamba alitaka Akihito aonje, angalau kwa muda wa kipindi kimoja, kuwa sawa kabisa na wenzake. Hakumhubiria kuhusu usawa. Alimpa jina la kawaida, akaendelea na somo.

Vining alizaliwa Philadelphia mwaka 1902. Alikuwa mkutubi, kisha mwandishi wa vitabu vya watoto, na mwaka 1943 kitabu chake Adam of the Road kilipata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Marekani. Miaka kumi kabla ya hapo mumewe alifariki katika ajali ya gari ambayo yeye mwenyewe aliponea chupuchupu, na katika miezi ya kuuguza majeraha na msiba alivutwa na ibada za Waquaker. Wasomaji wa Kaimosi na Vihiga hawahitaji kuelezwa hao ni nani: wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka ule ule wa 1902, na Kenya leo ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wale wa Philadelphia aliojiunga nao Vining, tofauti na wa Kaimosi wenye nyimbo na mahubiri, huabudu kwa kukaa kimya mpaka mmoja wao asukumwe rohoni kusema neno. Kinachowaunganisha ni msimamo walioutangaza mbele ya mfalme wa Uingereza tangu mwaka 1660, kwamba hawatashika silaha kwa sababu yoyote ile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Vining alifanya kazi ya uandishi katika shirika lao la misaada, ambalo mwaka 1947, yeye akiwa Tokyo, lilitunukiwa Nobeli ya Amani pamoja na shirika dada la Uingereza.

Wengi hudhani alipelekwa na Jenerali Douglas MacArthur, mtawala wa Japani baada ya vita. Hapana. Aliyeomba mwalimu ni Mfalme Hirohito mwenyewe, alipokutana na ujumbe wa elimu wa Marekani mwezi Machi 1946. Sharti mojawapo lilikuwa mwalimu awe Mkristo, lakini asiwe na ushupavu wa kupindukia. Mkataba wa mwaka mmoja ukaja kurefuka hadi minne.

Alikuta mji wa majivu. Usiku mmoja tu wa mabomu ya moto, kati ya tarehe 9 na 10 Machi 1945, uliua watu wapatao 100,000 Tokyo, na hata kasri la mfalme liliungua mwezi Mei. Watu walikuwa na njaa. Vining alipewa nyumba ya mtindo wa kizungu, watumishi na gari, akaishi vizuri kuliko karibu kila mtu aliyekuwa akimfundisha. Hakujua Kijapani, hivyo alifundisha Kiingereza kwa Kiingereza, kwa picha, ishara na maigizo. Mbali na darasa la Koganei, alikuwa na vipindi vya peke yake na Akihito, alimfundisha malkia, mabinti wa mfalme na baadaye mdogo wake Akihito, na bado akapata muda wa wasichana wa Chuo cha Tsuda. Kwa hesabu yoyote, hiyo ni ratiba ya mwalimu wa kweli.

Kilichomsumbua zaidi si sarufi. Mwanamfalme alikuwa ametengwa na wazazi wake tangu akiwa na miaka mitatu, kama desturi ya kasri ilivyotaka, na kila aendako alizungukwa na walezi waliomwamulia mambo. Vining alilalamika waziwazi kuhusu mtoto kulelewa mbali na familia yake, na vipindi vyake vikawa nafasi ya kumzoeza kijana kuchagua na kujibu mwenyewe. Tarehe 27 Juni 1949 alimpeleka kumwona MacArthur. Akihito, akiwa na miaka 15, alizungumza na jenerali kwa Kiingereza, bila mkalimani. Askari aliyewashinda wazazi wake alikuwa ameketi mbele yake, na hapakuwa na mtu wa kumwekea maneno kinywani.

Hapa pana mwalimu wa pili, na kusema kweli huyu ndiye anayenivutia zaidi. Vining alipofika Japani, Akihito alikuwa tayari anafundishwa Kiingereza na Mwingereza aitwaye Reginald Horace Blyth, mla mboga, mpenzi wa muziki wa Bach na mcheshi wa aina ya pekee. Blyth alizaliwa Essex mwaka 1898, mtoto pekee wa karani wa reli. Mwaka 1916 Uingereza ilipoanza kulazimisha vijana wake jeshini, yeye alikataa. Watu wapatao 16,000 walikataa kwa sababu za dhamiri. Wakafikishwa mbele ya mabaraza, wakaitwa waoga, na maelfu kati yao wakafungwa. Blyth alitiwa katika gereza la Wormwood Scrubs, London, kisha akapelekwa kufanya kazi katika lililokuwa gereza la Dartmoor. Alikuwa kijana wa takribani miaka 18. Ikumbukwe kwamba wakati huo huo maelfu ya wapagazi kutoka pwani na bara ya Afrika Mashariki walikuwa wakifa kwa njaa na homa katika kampeni dhidi ya Wajerumani, na hao hawakuwa na baraza lolote la kuwauliza dhamiri yao inasemaje.

Baada ya vita alisoma Chuo Kikuu cha London, akaoa, na mwaka 1925 akaenda kufundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Keijo. Keijo ndiyo Seoul ya leo, jina lake wakati Korea ilipokuwa koloni la Japani. Huko alijifunza Kijapani na Kichina, akaanza kukaa katika tafakuri ya Zen chini ya mtawa wa Kibuddha, na akamchukua mwanafunzi mmoja wa Kikorea kama mwanawe, akamsomesha hadi London. Ndoa ya kwanza ilivunjika, akaoa mwanamke wa Kijapani. Mwaka 1940 walihamia Kanazawa, Japani, ambako alipata kazi katika shule ya juu ya serikali.

Je, mtu aliyefungwa kwa kukataa vita alifanya nini miaka 15 katika chuo cha wakoloni, mshahara wake ukilipwa na dola iliyokuja kuivamia China? Swali hili siwezi kuliruka, wala sidhani kwamba mapenzi yake kwa haiku, ushairi mfupi wa Kijapani, yanalijibu. Tena aliomba uraia wa Japani, akanyimwa. Vita vilipoanza Desemba 1941, nchi aliyoipenda ilimkamata kama raia wa adui na kumweka kizuizini mpaka mwisho, muda mwingi akiwa Kobe. Vita vya kwanza alifungwa na nchi yake, vya pili akafungwa na nchi aliyoichagua. Maktaba yake kubwa iliteketea katika mashambulizi ya ndege.

Kazi ya ualimu, hata hivyo, haikukoma kambini. Kitabu chake Zen in English Literature and Oriental Classics kilichapishwa Tokyo mwaka 1942, mwandishi akiwa chini ya ulinzi. Nakala moja ilimfikia kijana wa Kimarekani aliyetekwa kisiwani Guam, Robert Aitken. Mwaka 1944 kambi ziliunganishwa, na msomaji akajikuta anaishi pamoja na mwandishi. Aitken aliondoka kambini na njia ya maisha. Alianzisha kituo cha Zen huko Honolulu mwaka 1959, na mwaka 1978 akawa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya Wabuddha wa Marekani wanaopigania amani. Mtu akiniuliza ni mwanafunzi gani wa Blyth aliyebeba msimamo wake wa mwaka 1916, nitamtaja huyu kabla ya mwanamfalme.

Vita vilipokwisha, Blyth alipata kazi Gakushuin, shule ya watoto wa makabaila alikosoma Akihito, na akajikuta katikati ya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyagusa. Desemba 1945 alikuwa mjumbe kati ya watu wa kasri na Harold Henderson, ofisa wa MacArthur aliyekuwa naye mpenzi wa haiku. Kilichojadiliwa ni tamko ambalo ndani yake mfalme angekana kwamba yeye ni mungu. Wanahistoria husimulia kwamba Henderson aliandika rasimu ya Kiingereza chumbani kwake hotelini wakati wa mapumziko ya mchana, amejilaza kitandani akijaribu kuwaza kama mfalme. Blyth aliichukua, na siku iliyofuata akarudi akitaka karatasi ya awali ichomwe. Ikachomwa. Tarehe 1 Januari 1946 tamko likatoka magazetini, likiwa limepitia mikono mingi, na bado wasomi wanabishana ni kiasi gani cha rasimu ile kilibaki.

Walimu hawa wawili, basi, walitumikia nyumba ile ile ambayo vita vilipiganwa kwa jina lake, na mkuu wa nyumba hiyo hakufikishwa mahakamani. Walioshtakiwa ni mawaziri na majenerali wake. Saba kati yao, Hideki Tojo akiwamo, walinyongwa katika gereza la Sugamo tarehe 23 Desemba 1948, siku ambayo Akihito alitimiza miaka 15. Tangu hapo kila sikukuu yake ya kuzaliwa imekuwa pia kumbukumbu ya vitanzi vile. Kuna wanaosema kwamba mpinga vita wa kweli hangekanyaga kasri lile. Mimi naona vinginevyo, ingawa si kwa uhakika mkubwa: wangekataa, nafasi ile ingechukuliwa na mtu, na pengine na mtu mwenye kupenda bendera na gwaride.

Mwaka wa mwisho wa Vining ulichafuka. Tarehe 25 Juni 1950 vita vililipuka Korea, ng'ambo tu ya mlango wa bahari. MacArthur, ambaye ofisi yake ndiyo iliyoandika katiba ya mwaka 1947 yenye ibara ya 9 ya kukana vita, aliiagiza Japani iunde kikosi cha akiba cha watu 75,000. Wavulana wa Gakushuin walikuwa wanakaribia umri wa kuandikishwa, kama kungekuwa na uandikishaji. Katika hali hiyo Vining aliwaaga. Hakuwaambia wachukie vita wala wampende Mungu wake. Aliwataka wafikiri wenyewe, wasiamini kila wanachosikia, yeyote awaye msemaji, wala kila wanachosoma magazetini. Naandika gazetini, na naunga mkono.

Nafasi yake ilichukuliwa na Esther Rhoads, Mquaker mwingine aliyekuwa amefundisha Tokyo kwa miongo kadhaa. Blyth aliendelea kumfundisha Akihito hadi alipofariki mwaka 1964, akiwa ameacha juzuu nne za haiku zilizowafungulia wasomaji wengi wa Kiingereza mlango wa ushairi huo.

Na mwanafunzi wao? Tulimwona hata huku: mwaka 1983, kabla hajatawazwa, alizuru Zambia, Tanzania na Kenya. Alipokuwa mfalme alikwenda kuwaombea wafu Saipan, Peleliu na Ufilipino, wa pande zote, na Agosti 15, 2015, katika kumbukumbu ya miaka 70 ya mwisho wa vita, alitamka majuto makubwa wakati serikali ilikuwa ikisukuma bungeni sheria za kulipa jeshi nafasi zaidi. Mwaka 2019 aliachia kiti akiwa hai, jambo ambalo halikuwa limetokea Japani kwa karne mbili. Hapa watu hupenda kuleta methali ya samaki mkunje angali mbichi. Inanitia shaka. Akihito alikuwa na mkewe, katiba yake, kumbukumbu zake za mji ulioungua, na miaka 60 ya kufikiri mwenyewe, kama alivyoambiwa.

Vining naye hakumwachia mwanafunzi wake kazi hiyo ya kufikiri mwenyewe. Mwaka 1959 alikuwa mgeni kwenye harusi ya Akihito na Michiko Shoda. Miaka kumi baadaye alikuwa kwenye ngazi za Bunge la Marekani, Washington, pamoja na Waquaker wenzake waliokuwa wakisoma majina ya wanajeshi waliouawa Vietnam. Polisi wakawaamuru waondoke. Akakataa, akakamatwa. Alikuwa na miaka 66, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake.