Soma Tusi Lako kwa Sauti

Newala nilifuata korosho. Mnada uliahirishwa, nikabaki barazani kwa mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, tukipigwa na upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma. Mwalimu akabonyeza simu yake. Ikatoka sauti ya kijana. Kwanza akakohoa. Akataja jina la mtu, akasoma maneno matatu, akanyamaza. Nyuma yake jogoo akawika. Kisha: "Mwalimu, naomba nisiendelee."

Voisi nzima ina sekunde tisa. Korosho nikaisahau.

Mwalimu ni admini wa grupu la WhatsApp la mlingano wa dini. Humo wamo Waislamu na Wakristo wa Newala, Masasi na Tandahimba, na vijana wa huku waliohamia Dar es Salaam. Wanabishana mambo yale yale: Utatu, kusulubiwa, nani alitabiriwa na nani hakutabiriwa. Hoja ikimwishia mtu, anatukana. Magrupu mengine mtukanaji hutolewa. Mwalimu hamtoi. Anachukua kaunta buku, analinakili tusi lote kwa kalamu ya bluu, herufi kwa herufi, hata makosa ya tahajia hayasahihishi. Halafu anamwandikia mhusika mbele ya wote: soma tusi lako kwa sauti, utume voisi. Grupu linafungwa mpaka asome, aombe radhi, au atoke mwenyewe.

"Wangapi wamesoma hadi mwisho?" nikamuuliza.

"Mmoja. Na huyo alikuwa mtani wa aliyemtukana, kwa hiyo tulicheka siku tatu. Wengine wote, mwanangu, hawafiki kwenye neno lenyewe. Kidole kinaandika chochote. Mdomo unamjua mama yake."

Nikaomba kuliona daftari. Limevalishwa gazeti kama madaftari ya darasa la nne. Kila tusi lina tarehe, na pembeni, kwa mwandiko mdogo, undugu: *mtoto wa shangazi yake, walicheza jando pamoja, alibeba jeneza la babu yake.* Mtu anajiita "Upanga wa Haki", Mwalimu anapiga simu mbili tatu, anakuta ni mpwa wa jirani yake. Nilisoma kurasa sita, nikalifunga. Matusi mengi yalikuwa ya nguoni. Dini ilikuwa imetajwa mwanzoni tu, kama anwani juu ya bahasha.

Asiyeijua Masasi na Newala atashangaa haya yanatoka wapi. Nyumba moja huku utawakuta Hamisi na Joseph wa tumbo moja. Misheni ya Masasi ilianza 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, na Uislamu ukaenea vijijini bila kumsubiri mmisionari. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando, alilivika Ukristo. Watoto wakaanza kutahiriwa kambi mbalimbali, lakini msibani walikaa mkeka mmoja, na bado wanakaa.

Wala maneno ya dini kusambazwa kwa hofu si jambo lililoletwa na simu. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea Lindi na bara yake. Ilisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad aliyelinda kaburi la Mtume, ikaonya kwamba mwisho umekaribia, ikataka inakiliwe na kupelekwa mbele. Maji Maji ilikuwa haijapoa. Wajerumani wakaona uasi mwingine na kuanza kukamata watu. Ndoto ya Sheikh Ahmad bado inazunguka leo. Huenda na wewe umeshaipata, pamoja na agizo la kuituma kwa wengine.

Kuhusu mihadhara ya dini ya miaka ya themanini na tisini, msomaji hana haja ya kufundishwa: kanda za mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat, Biblia na Kurani juu ya meza moja, na mwisho wake mchungu pale Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, risasi zilipolia na watu wakafa. Mwalimu alikuwa mhadhiri zama hizo. Hakutaka niandike wa upande gani, nami sikuona sababu ya kumlazimisha.

"Tuliumizana," alisema. "Nisikudanganye kwamba zamani kulikuwa na adabu. Lakini nilisimama juani. Mama yangu mdogo alikuwa pale pembeni anauza maandazi. Nikisema upuuzi, jioni sipati chai. Huyu wa sasa amelala chali kitandani, ana bando la siku, nani atamnyima chai?"

Ugomvi wa namna hii hauko kwetu tu. Wamormoni wa Marekani na wakosoaji wao wanatukanana mtandaoni hadi leo, na walianza kabla ya umeme. Juni 1844, kule Nauvoo, Illinois, wakosoaji walichapa gazeti la kumshambulia Joseph Smith, mwasisi wa kanisa la Wamormoni na meya wa mji. Baraza la mji likaamuru mtambo uvunjwe. Haikutimia mwezi, Smith aliuawa na kundi la watu akiwa mahabusu. Nilimsimulia Mwalimu. Aliuliza swali moja tu: gazeti lilitoka mara ngapi? Mara moja. Akatikisa kichwa.

Dawa yake, hata hivyo, ina mahali ilipogoma. Mwaka jana binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliingia grupuni akawa anauliza vizuri kuliko wahubiri. Hakumtukana mtu. Picha yake ya wasifu ikachukuliwa, ikabandikwa kwenye mwili wa uchi, akaanza kutumiwa usiku, inboksi, kwa namba tatu zisizojulikana. Moja ilimwita kafiri, nyingine ikamwita wakala wa Waislamu. Watu walioshindwa kukubaliana juu ya Utatu miaka minne walikubaliana juu ya binti.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautaja unyanyasaji wa namna hii. Mwalimu alimshauri ashitaki. Binti alikataa: angeanzaje kumwonyesha askari picha ile? Mwalimu hakuwa na jibu. Mimi pia sina. Na sijui niseme nini juu ya wanaume wote wa grupu, wa dini zote mbili, ambao habari ilipowafikia waliandika "pole sana" na kurudi kwenye kusulubiwa.

"Hawa siwezi kuwaambia wasome," Mwalimu alisema. "Sijui mama zao."

Kwenye daftari ukurasa huo una tarehe na namba tatu. Pembeni, mahali pa undugu, hapajaandikwa kitu. Namba mbili hazipatikani tena. Ya tatu inaita hadi inakatika. Aliipiga mbele yangu, akaweka spika.

Mwenye namba hiyo, kama gazeti hili limekufikia: Mwalimu yuko Newala, na anasubiri voisi yako.