Kabla ya Maua, Tafuta Kivuli

Wenye nyumba mpya wa Goba, Bunju na Kigamboni wakinipeleka kutazama uwanja, swali lao la kwanza huwa ni maua gani yapandwe. Mara nyingi nakuta pevingi zimeshatandazwa ukuta hadi ukuta, na kilichobaki ni vishimo vya kuchomekea miashoki. Hapo fundi wa bustani ameitwa kuremba, si kupanga.

Bustani ya Dar es Salaam huanza na jua. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita kaskazini mwezi Juni, kusini mwezi Desemba, na mara mbili kwa mwaka hupita utosini kabisa. Hilo la utosini paa lako linalimudu. Linalotesa ni la alasiri, linaloshuka upande wa magharibi na kupenya chini ya upenu, likaupiga ukuta ambao utatema joto hadi usiku ukiwa kitandani. Basi mti wa kwanza uende magharibi. Kwenye kiwanja kidogo mstafeli au mpera unatosha, na utakula matunda yake. Mwembe ni mti wa mwenye nafasi. Mfikasi uuache mbali na chemba na msingi wa nyumba, kwani mizizi yake hufuata unyevu na haijali gharama ya fundi bomba. Kuhusu mwashoki, sina ugomvi nao: unazuia macho ya jirani. Kivuli chake tu ndicho hakitoshi hata kuwekea stuli.

Baada ya jua ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, likinyeshewa milimita 30 siku moja ya masika, linamwaga lita 3,000. Pevingi zikiwa zimeziba kila mahali, maji hayo yanaenda barabarani au kwa jirani, nawe Februari unanunua maji ya boza kumwagilia ukoka. Mvua ikinyesha, toka na mwavuli utazame maji yanakokimbilia. Huko chini, mbali na msingi, chimba bonde la kina kifupi upande migomba na kana, mimea isiyochoka kunywa.

Mchanga wa Kigamboni hunywa maji upesi, nayo huondoka na mbolea, kwa hiyo changanya samadi iliyooza na utandaze majani makavu juu yake. Kama kisima chako kina chumvi, sahau mawaridi. Bogenvilia huvumilia zaidi. Na vile visahani vya chini ya vyungu vimwage kila wiki, maana mbu Aedes anayeeneza homa ya dengi huhitaji maji machache tu na takribani juma moja kutoka yai hadi kuruka.

Sasa maua. Watu wa pwani walijua zamani kwamba bustani hufurahiwa zaidi jua likishazama, wakati watu wamerudi na baraza imejaa. Rangi hazionekani tena saa hiyo, ila harufu ipo. Asumini hufungua maua yake jioni: ipande pale upepo wa jioni unapopita kabla ya kufika barazani, na mrehani uwe njiani, nguo ziupapase. Mlangilangi hurefuka sana, hivyo usiusogeze ukutani. Ukoka nao upewe eneo dogo lenye jua. Chini ya mti utanyauka, weka kokoto.

Miti ipandwe Machi, mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi. Pevingi ziwe za mwisho, za kuegesha gari na kufika mlangoni.