Umeme Unapokatika Angani

Umeme wa ndege ya abiria huzalishwa na jenereta zinazoendeshwa na injini zake kubwa. Ndege nyingi pia zina injini ndogo mkiani yenye jenereta ya akiba. Jenereta moja ikiharibika, nyingine hubeba mzigo, na vitu visivyo vya lazima, kama majiko ya chakula, huzimwa kwanza. Zote zikishindwa hubaki betri, ambazo mara nyingi hutosha kwa takriban nusu saa ya vyombo muhimu tu.

Injini hazizimiki papo hapo, kwa sababu moto wa injini ya jeti ukishawaka hauhitaji cheche tena. Hatari hujificha kwingine. Tarehe 7 Januari 2008, maji yaliyovuja kutoka eneo la jiko yaliingia kwenye mitambo inayodhibiti jenereta za Boeing 747 ya Qantas iliyokuwa ikikaribia Bangkok. Jenereta tatu kati ya nne zikakatika, lakini ndege ilitua salama.

Mkasa wa Urusi ulikuwa mzito zaidi. Tarehe 7 Septemba 2010, Tu-154 ya shirika la Alrosa iliyokuwa safarini kwenda Moscow ikiwa na watu 81 ilikatikiwa umeme wote baada ya betri kupata joto kupita kiasi. Redio na vyombo vya kuongozea safari vikanyamaza. Kibaya zaidi, pampu za umeme zinazohamisha mafuta kutoka matangi ya mabawani zilisimama, hivyo injini zikabaki na mafuta ya kama nusu saa. Marubani walishuka chini ya mawingu, wakatafuta kwa macho mahali pa kutua, na katika misitu ya Komi wakaona njia ya kurukia ya Izhma, ambayo ndege zilikuwa zimeacha kuitumia miaka kadhaa nyuma.

Njia hiyo, yenye urefu wa mita 1,300 hivi, ni fupi mno kwa Tu-154, tena mabawa hayakuweza kupangwa kwa kutua, kwa hiyo ndege iliingia kwa kasi kubwa ikapitiliza hadi msituni. Hakuna aliyekufa. Marubani wawili walitunukiwa cheo cha Shujaa wa Urusi, nao walistahili. Anastahili sifa pia Sergei Sotnikov, msimamizi wa uwanja huo, ambaye kwa miaka hiyo yote aliendelea kuisafisha njia bila kuamriwa na mtu. Ndege ilitengenezwa, na Machi 2011 ikaruka kutoka Izhma.