"Mwisho wa siku" ya Mwingereza si jioni yetu

Hivi majuzi nilisahihisha insha kuhusu mgomo wa shule, ambamo mwanafunzi aliandika: "Mwalimu mkuu alisema kwamba mwisho wa siku wanafunzi watarudi darasani." Nilijiuliza: watarudi jioni, ama watarudi baada ya mzozo kutatuliwa? Nilipomtaka aeleze, alijibu kwamba maneno hayo huyasikia redioni kila uchao.

Kwa hakika mwanafunzi huyo hana lawama. Nahau aliyoitumia ni ya Kiingereza, "at the end of the day", iliyofasiriwa neno kwa neno. Mwingereza aitumiapo hazungumzii saa wala machweo. Maana yake ni kwamba, mambo yote yakishapimwa, lililo na uzito ni hili. Hata hivyo, Waingereza wenyewe wameichoka. Mwaka 2004, Plain English Campaign, kundi la Uingereza linalotetea lugha nyepesi, lilitangaza kuwa nahau hiyo ndiyo iliyowaudhi zaidi wafuasi wake walioulizwa. Sisi tunaokota kinachotupwa na wenyewe!

Katika Kiswahili, siku ina mipaka yake. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huisha jua lituapo, na usiku unaofuata ni wa siku ya pili. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Kwa hivyo, msikilizaji aambiwapo "mwisho wa siku" ana haki ya kutazama magharibi.

Wako watakaosema kwamba lugha hukua kwa kukopa. Naam, tulikopa meza kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, wala hatujuti. Lakini mtu hukopa asichokuwa nacho. Tukitaja tokeo la mambo, tuna maneno "hatimaye" na "mwishowe". Tukitaka kulitilia mkazo jambo moja juu ya mengine, tunasema "yote tisa, kumi ni hili", na maana ile ile ya Mwingereza hufika kwa utamu wetu wenyewe.

Walimu wenzangu, tusiishie kupiga mstari mwekundu tu. Tumwonyeshe mwanafunzi neno lifaalo na sababu yake, kwani mtihani hautamuuliza alilisikia wapi. Nanyi watangazaji, kumbukeni kwamba darasa lenu ni kubwa kuliko letu. Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.